Meza ya Nje ya Mlango

Kila asubuhi ya likizo Peishan alimkuta bibi yake, Bibi Simui, akimenya machipukizi ya mianzi kwa ajili ya supu. Alikunywa maziwa ya soya akiwa amesimama, kisha akakimbilia mazoezini. Darasa la sita walikuwa wakiandaa mchezo wa kuigiza, utakaooneshwa katika ua wa hekalu mwishoni mwa mwezi wa saba wa kalenda ya Kichina, mwezi ambao wafu hufunguliwa mlango waje kula kwa walio hai. Mchezo ulihusu msichana wa kiwanda cha nyuzi aliyekufa kabla ya kuolewa, kisha mzimu wake ukarudi kumtafuta mama.

Mwalimu Liao hakutaka kubahatisha. "Mambo ya dini yana wenyewe," alisema. "Peishan, wewe unaishi na bibi. Muulize, msichana kama huyu hupokewaje?"

"Sawa, Mwalimu."

Ilikuwa sawa ya mdomoni tu. Kumuuliza Bibi jambo moja kulimaanisha kusikiliza kumi, na Peishan alikuwa na simu mkononi. Alijilaza, akasoma kidogo kuhusu karamu ya mizimu: meza nje ya mlango, udi uliochomekwa katika kila sahani, beseni la maji na taulo ili wageni wanawe uso. Hakusoma zaidi. Kesho yake akamwambia mwalimu, "Bibi kasema hivi," akayataja yote, naye mwalimu akampongeza mbele ya wenzake. Uongo ukivikwa jina la mtu mzima, nani ataushuku?

Wiki iliyofuata Bibi Simui alikuja mazoezini na sufuria ya tambi za kukaanga. Jukwaani, Ruoling, aliyeigiza mzimu, alikuwa akinawa uso kwenye beseni nje ya mlango. Jiahao, aliyeigiza baba, akamsukumia bakuli la wali kwa mguu.

"Kula upesi uondoke, we mzimu," alisema Jiahao. "Wenzako wamepanga foleni."

Watoto wakacheka. Bibi hakucheka. "Nani kawafundisha kwamba binti hulishwa nje?"

"Wewe, Bibi," alijibu Ruoling kwa adabu. "Peishan katuambia umesema wewe."

Bibi aliiweka sufuria chini, akamtazama mjukuu wake, akageuka na kuondoka.

Jioni hiyo hakula. Kesho yake pia hakula, na mianzi ikabaki na maganda yake. Peishan alimfuata baba yake mezani.

"Baba, Bibi ana nini?"

Baba aliweka chini vijiti vyake vya kulia. "Ulikuwa na shangazi. Jina lake Siokhun, dada yangu mkubwa. Alikufa ana miaka kumi na tisa, hajaolewa."

"Mbona jina lake halipo pale?" Peishan alionesha madhabahu ya ukutani yenye majina ya mababu.

"Binti huandikwa kwa mumewe. Asiye na mume hana pa kuandikwa, na asiye na nyumba hula nje, kwenye meza ya wasio na ndugu. Bibi yako alikataa mwanawe ale huko. Akampeleka kwa watawa wa mlimani, wakaliweka jina lake kwao. Mpaka leo anapanda kile kilima kumpelekea chakula. Sasa wewe umewaambia watu kwamba yeye mwenyewe kasema mwanawe ale mlangoni."

Peishan aliinuka mezani. Aliingia chumbani kwa Bibi, akapiga magoti.

"Bibi, nisamehe. Sikujua."

"Hukujua kwa sababu hukuniuliza," alisema Bibi, uso ukutani. "Nilikuwa hapo namenya mianzi. Miaka yote nangoja mtu wa nyumba hii aniulize habari za Siokhun. Babu yako hakuuliza mpaka akafa. Baba yako anaogopa. Wewe ukapewa sababu ya kuniuliza, ukaniwekea maneno mdomoni. Niache."

Peishan alitoka akilia, na hapakuwa na wa kumtuliza. Kesho yake alisimama mbele ya darasa, akasema yote.

"Kumbe bibi yako yuko kwenye simu," alisema Jiahao. Safari hii hakuna aliyecheka.

"Mchezo huu hautaoneshwa mpaka Bibi Simui akubali," alisema Mwalimu Liao. Watoto wakainama. Mavazi yalikuwa yameshashonwa.

Siku ya kupanda kilima ilipofika, Peishan alimsubiri Bibi mlangoni. "Nibebe bakuli, Bibi?" Bibi alimpa bakuli.

Kwa watawa, jina la Siokhun lilikuwa kwenye kibao kidogo cha mbao, kati ya vibao vingi vya wasichana. Bibi alikifuta kwa pindo la shati lake.

"Haya, uliza," alisema.

Peishan akauliza shangazi alipenda kula nini, na alichekaje. Bibi akasimulia mpaka udi ukaisha, na kabla hawajashuka akakubali mchezo uoneshwe.

Mchezo ulioneshwa, lakini bila beseni. Mzimu wa Ruoling ulifika mlangoni, ukatafuta jina lake ndani, ukalikosa. Mama akachukua bakuli, akaufuata mlimani. Katika ua wa hekalu wanawake wazee waliinamisha nyuso, na Bibi Simui alilia bila kujificha.

Njiani Peishan aliuliza, "Sasa shangazi atarudi nyumbani?"

"Hapana. Mchezo hauwezi kumrudisha. Nami nimezeeka, nikifa, sijui nani atapanda kilima."

"Mimi, Bibi."

Bibi alimgeukia. "Basi sikiliza. Aliye hai ukimsingizia, atajitetea. Maiti hana wa kumtetea ila yule anayetafuta kweli yake kwa wanaoijua. Kuuliza si ujinga, mjukuu wangu. Ujinga ni kujibu kabla hujauliza."

"Nimeelewa, Bibi."

"Kama umeelewa, kesho asubuhi usinywe maziwa ukiwa umesimama. Kaa."