Mama Ndinda Alisema ni Chupa

Kila Jumamosi, Idah alipomaliza kuosha vyombo na kufua sare yake, alivuka barabara kwenda kwa rafiki yake Ndinda. Mama yake Ndinda, Monicah, aliuza juisi ya miwa karibu na soko la Mtwapa. Mashine yake ilikuwa na rola mbili za chuma zilizozungushwa na umeme. Muwa uliingia mzima upande huu, ukatoka upande ule umekuwa makapi, na juisi ikatiririka kwenye jagi lenye ndimu na tangawizi.

Idah na Ndinda walikaa dawati moja, na hata nywele walisukwa mtindo mmoja. Dorcas, mama yake Idah, alifua mashuka katika nyumba ya wageni, kwa hiyo mara nyingi Idah alikula mchana kwa Mama Ndinda. Watu wakiuliza, Mama Ndinda alisema, "Hawa wote wangu. Huyu nimemzaa, huyu nimepewa na Mungu."

Sasa sikilizeni, wanangu, maana hapa ndipo mambo yalipoharibika. Mashine ile ilinunuliwa ikiwa na kifuniko cha bati mbele ya rola. Mama Ndinda alikifungua akakitupa chini ya meza, kwa sababu kilimchelewesha kukunja makapi na kuyapitisha tena mpaka yakauke. Makapi yakikwama, mashine ilizimwa, yakachomolewa kwa vidole.

Siku hiyo yalikwama. Mama Ndinda alikuwa akimenya miwa. "Idah, zima uyatoe, mwanangu. Wateja wanangoja."

Idah akazima, akaingiza vidole. Makapi yalikuwa yamebana kweli.

"We Idah!" Ndinda akacheka. "Unavuta kama unamtoa paka mwiba. Niwashe nione kama hutaharakisha?"

"Ndinda, wacha mchezo."

"Mwoga!" Ndinda akabonyeza swichi.

Alitaka kumshtua tu, kisha azime. Lakini chuma hakijui mchezo. Rola zilivuta vidole, zikavuta kiganja, zikafika kwenye kifundo cha mkono. Idah alipiga yowe mpaka wauza samaki wakainuka. Mama Ndinda aliruka, akazima, akazungusha rola kinyume mpaka mkono ukatoka.

Katika tuktuk, wakielekea zahanati, aliufunga mkono ule kwa leso yake. Damu haikuwa nyingi.

"Idah mama, nisikilize," akanong'ona. "Tukisema ni mashine, watu wa kaunti wataifunga, na Ndinda ataonekana mtoto mbaya. Tuseme umeangukia chupa. Wewe si mtoto wangu?"

Idah aliitikia kwa kichwa. Ndinda alikuwa akilia kando yake. "Nitakuja kukuona kila siku, Idah. Haki ya Mungu."

Zahanatini, Mama Ndinda ndiye aliyejibu maswali yote. "Ni chupa, daktari." Daktari alitafuta vipande vya kioo, hakuona. Akasafisha, akashona pale palipopasuka, akatoa dawa ya maumivu. Kama kweli ingekuwa chupa, hiyo ingetosha.

Jioni Mama Ndinda alileta uji wa wimbi. Akaketi kitandani kwa Dorcas, akalia pamoja naye. "Pole, dada yangu. Watoto hawa!" Dorcas akamshika mkono, akamshukuru kwa kumkimbiza mwanawe zahanatini.

Kesho yake Ndinda hakuja. Wala keshokutwa. Idah aliketi mlangoni, akiinua kichwa kila alipopita mtoto mwenye sare. Mkono ukavimba. Ngozi ikawa ya zambarau, halafu ikaanza kuwa nyeusi kama ganda la ndizi.

"Inauma?" mama yake akauliza.

"Hapana, mama." Na hakusema uongo. Pale penye weusi hapakuwa tena na hisia.

Siku moja Dorcas alirudi kutoka dukani uso umemwiva kwa hasira. "Idah, nimekutana na watoto wa darasa lenu. Wanasema Ndinda amewaambia ile chupa uliivunja ukiiba soda za mama yake. Ni kweli?"

"Ndinda amesema hivyo?" Idah akauliza. "Ndinda mwenyewe?"

Aligeukia ukuta, akakataa chakula. Kulipokucha alikuwa na homa kali, na mkono ulikuwa ukinuka. Dorcas hakuenda kazini. Alimbeba mwanawe mpaka hospitali kubwa Mombasa.

Huko walipelekwa kwa Daktari Krupali, mwanamke mfupi mwenye miwani, mzaliwa wa papo hapo Pwani.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niuone huo mkono." Aliufungua polepole, akaugeuza huku na huku. "Chupa, eti?"

"Ndiyo."

"Chupa hukata, mwanangu, haivuti. Ngozi hii imevutwa ikabanduka kwenye nyama, kama soksi inavyovuliwa. Juu yaonekana ipo, lakini chini haipati damu. Hebu nambie kweli. Ikiwa ni kitu kilichosaga, basi ubovu umefika mbali kuliko nionavyo, na lazima nifungue mpaka huku juu. Nikifuata habari ya chupa, nitaacha nyama iliyokufa humo ndani, na mkono wote utapotea."

Idah akasema, "Nikisema, nitakuwa nimemsaliti mtu."

"Na huyo mtu," daktari akauliza, "yuko wapi leo?"

Hapo Idah alilia, na katika kulia akasema yote: kifuniko chini ya meza, swichi, maneno ya kwenye tuktuk.

Dorcas alishika ukingo wa meza. "Monicah? Monicah aliketi kitandani kwangu! Alijua, akaniangalia usoni, akaniambia pole!"

Alipotulia, alimgeukia daktari. "Wametuambia wewe ni wa upasuaji wa plastiki. Mimi nilijua hao huwatengenezea matajiri pua."

Daktari Krupali akatabasamu. "Wapo wanaotaka pua, mama. Lakini wodini kwangu utakuta walioungua moto, walioburutwa na pikipiki, na walionaswa na mashine kama Idah. Daktari wa mifupa akishaunga mfupa, nao ukiachwa wazi, huoza. Kazi yetu ni kutafuta ngozi na nyama iliyo hai ya kuufunika, na kurudisha viungo vifanye kazi. Mngalikuja siku ile ile na habari ya kweli, kazi ingalikuwa ndogo. Sasa ni kubwa, lakini tutapigana."

Wakaondoa kila kilichokufa. Kidole kidogo hakikuokoka. Kisha, ili kufunika mgongo wa mkono, daktari aliinua kipande cha ngozi karibu na nyonga ya Idah bila kukikata chote, akaushonea mkono kwenye kipande hicho pale pale nyongani. Mkono ulibaki umeungwa na mwili kwa majuma kadhaa, ukinywa damu ya hapo, mpaka ngozi ile ikashika na kuweza kutenganishwa.

"Wewe, umeficha mandazi mfukoni?" mtoto wa kitanda cha pili alimtania. Kwa mara ya kwanza tangu aumie, Idah alicheka.

Mkono ulipokwisha kutenganishwa na mazoezi ya vidole kuanza, Mama Ndinda, aliyesikia kwamba kweli imejulikana, alikuja wodini na binti yake. Alisimama mbali na kitanda.

"Niliogopa, Dorcas. Ile mashine ndiyo chakula chetu. Nimekirudisha kifuniko, na sasa makapi tunayatoa kwa kijiti. Nisamehe, dada yangu."

"Uliihofia mashine," Dorcas akasema. "Mwanangu hukumhofia? Maneno ya hapa kitandani hayanitoshi, Monicah. Nenda shuleni, ukawaambie wale watoto kwamba Idah hakuiba kitu."

Mama Ndinda alikwenda. Alisimama mbele ya darasa zima, akasema kweli mwanzo hadi mwisho, na Ndinda akainama kwenye dawati asiinue macho.

Idah aliporudi shule, akishika kalamu kwa vidole vilivyobaki, Ndinda alimfuata mlangoni. "Utakaa na mimi?"

"Nimekusamehe," Idah akasema. "Lakini kukaa na wewe, bado." Akaenda dawati la mbele.

Jioni hiyo alimuuliza mama yake kama alikuwa amefanya vibaya. Dorcas alikuwa akimkanda vidole kwa mafuta ya nazi, kama daktari alivyomfundisha.

"Hapana, mwanangu. Kusamehe ni leo, kuaminiana huchukua muda. Ila ulifanya kosa kuninyamazia mimi. Mtu akikuomba ufiche ulivyoumia ili yeye apone, hata akikuita mwanawe, usimfichie. Njoo useme, na daktari mwambie kweli yote. Mikono yake ni hodari, lakini hufuata yale anayoambiwa. Haya, kunja vidole. Tena. Mpaka kiganja kifunge."