Mwachie Mwenzako

Siku ile jirani yangu, fundi cherehani, alikuwa akikunja pindo za sare za shule, tumbo limegusa meza, miguu imevimba. Alikuwa ametoka kliniki kwa mara ya nne mwezi ule. Mapacha, kondo la nyuma moja. Mmoja alikuwa anakua, mwingine amegoma.

"Mama, unakula?" daktari alimwuliza.

"Nakula. Hata wiki iliyopita uliniuliza, nikakujibu nakula."

"Basi ongeza. Na upumzike."

Apumzike, ashone nani?

Nyumbani mama mkwe wake alikuwa na dawa yake. "Huyo mkubwa ni mroho kama baba yake. Mseme!"

"Nimseme mtoto ambaye hajazaliwa?"

"Mbona mumeo unamsema kila siku na hasikii?"

Mchana sindano ikavunjika, ya pili tangu asubuhi, na uvumilivu ukamwisha. Akaweka mkasi chini, akajidunga kidole upande wa kulia wa tumbo.

"Wewe mkubwa, umezidi sasa! Acha kula. Mwachie mwenzako!"

Likapigwa teke moja. Kisha upande ule ukatulia.

Wiki mbili baadaye mdogo alikuwa ameongezeka. Daktari akatabasamu, akasogeza kifaa chake upande wa pili, akaacha kutabasamu. Mkubwa hakuwa ameongezeka hata kidogo. Wiki iliyofuata, vilevile.

"Huenda niliwachanganya mwanzoni," daktari alisema.

"Hukuwachanganya," fundi alinong'ona. "Mimi ndiye niliyemkataza."

"Usijilaumu, mama. Mishipa ya kondo haigawi damu sawasawa. Maneno hayamzuii mtoto kukua."

Kila mtu alikuwa na jibu. Msaada, hakuna aliyekuwa nao.

Walitolewa kwa upasuaji kabla ya wakati, wote wakiwa hai. Aliyekuwa mdogo alikuwa na kilo mbili na robo, akapiga kelele wodi nzima ikamsikia. Aliyekuwa mkubwa alikuwa na kilo moja na nusu. Hakulia. Alimtazama mama yake kama mtoto aliyekwisha kukaripiwa, anayesubiri aambiwe la kufanya.

Akakataa ziwa. Maziwa ya kijiko yakamtiririka shavuni. Kila asubuhi uzito ulipungua.

"Jitahidi, mama," muuguzi alisema.

"Nijitahidi vipi tena? Nimwingie mdomoni?"

Siku ya tano, saa nne asubuhi, aliinama sikioni mwake. Hakujali nani anasikia.

"Kula, mwanangu. Mama alikosea. Kula."

Mtoto akafungua kinywa.

Akanyonya. Koo likapanda, likashuka. Ziwa likalegea, likaisha. Fundi akalia, akacheka. Muuguzi akamchukua mtoto, akamkimbiza kwenye mizani.

Namba zilikuwa zilezile. Akampima tena.

Zilezile.

"Yameenda wapi?" alinong'ona. Akakagua nepi. Kavu. Nguo, kavu. Shuka, kavu.

Fundi alikuwa ameshaanza kutembea, mkono kwenye mshono wa tumbo.

Pacha wa pili alikuwa chumba cha kando, peke yake, mlango umefungwa. Tangu alfajiri hakuwa amepewa kitu. Daktari aliagiza akae na tumbo tupu, asubiri kipimo.

Alikuwa amelala. Mashavu yamejaa. Maziwa yalikuwa yakimtoka pembeni mwa mdomo, yakidondoka kwenye shuka.

Fundi akayagusa kwa kidole.

Yalikuwa na joto.