Shaikha, Nduguye na Kura

Shaikha alirudi kutoka kazini saa tisa, akavua abaya, akabandika wali. Ilikuwa mwaka 2003, nyumbani kwake Bawshar. Mwaka huo, kwa mara ya kwanza, kila Muomani mtu mzima aliruhusiwa kuchagua wajumbe wa Majlis Shura, baraza la ushauri la nchi. Msellem, mdogo wake, alimtaka ampigie kura rafiki yake. Shaikha alipenda mgombea mwengine. Tangu amwambie hivyo, Msellem hajapiga simu wala hajaja.

Jirani yake Nasriya, mwalimu wa historia, alimkuta jikoni kajiinamia.

"Sendi kupiga kura," Shaikha alisema. "Nshachoka. Unguja nlikuwa mdogo, lakini vyama nliviona. Watu wa mtaa mmoja hawazikani. Mama na dada yake hawakusemezana mpaka mama akafa."

"Huku hakuna vyama, Bi Shaikha."

"Ugomvi upo."

Nasriya akakaa, akaanza kumenya vitunguu.

"Hata Wamarekani waliviogopa vyama. Washington, rais wao wa kwanza, aliwaonya. Lakini mawaziri wake wawili walivutana mbele yake. Hamilton alitaka serikali kuu yenye nguvu, na benki ya taifa. Jefferson alitaka majimbo yabaki na madaraka yao. Kila mmoja akapata wafuasi. Vyama vikazaliwa hivyo."

"Wakapigana?"

"Walitukanana magazetini. Mwaka 1800 Rais Adams, wa chama cha Hamilton, akashindwa na Jefferson. Adams akaondoka alfajiri, kanuna, hata sherehe ya kumwapisha mwenzake hakuingoja. Lakini aliondoka. Hakuita jeshi. Jefferson naye hakumfunga. Serikali ikasimama."

"Na wao wawili?"

"Walikuwa marafiki zamani. Wakanuniana miaka. Mwisho Adams akamwandikia mwenzake."

"Yule aliyeshindwa?"

"Yeye."

Shaikha akageuza wali.

Siku ya uchaguzi alikwenda, miguu mizito, akampigia yule aliyempenda. Mgombea huyo akashindwa. Rafiki wa Msellem akapita.

Shaikha alikaa na simu mapajani. Kisha akapiga.

"Msellem, mtu wako kapita. Hongera."

"Wewe ulimpigia nani, dada?"

"Yule wangu. Na akisimama tena ntampigia yeye."

Msellem akacheka kidogo. Na yeye alisikika kachoka.

"Ijumaa njoo ule," Shaikha alisema.

Alikuja na watoto wake. Walibishana juu ya wajumbe hao mpaka chai ikapoa. Shaikha akaibandika tena.