Kisanduku cha Kumi na Nne

Foleni ya posta siku ya Jumatatu haina huruma, na Rowena Peck aliizidishia ubaya. Alikuwa amesimama dirishani na magunia mawili ya bahasha, zaidi ya mia tisa, zinakwenda nchi mbalimbali, kila nchi na stempu yake. Karani alishaanza kujipangusa jasho, na nje ilikuwa Machi, baridi ya Cambridge inayoingia mpaka kwenye meno.

Rowena alikuwa mwembamba, koti la mvua la kijivu, skafu ya njano, nywele nyekundu kazibana kwa penseli. Penseli hiyo ilikuwa ya ofisi. Kila kitu cha Rowena kilikuwa cha ofisi.

"Dada, unahama nchi?" sauti ikauliza nyuma yake.

"Nawaandikia watunza hifadhi wa dunia nzima," akajibu bila kugeuka. "Kama una haraka, iko posta nyingine stesheni."

"Haraka ya nini? Mimi nataka stempu moja tu, nimpelekee mama kadi. Ila hiyo bahasha ya juu ni yangu."

"Yako vipi?"

"Soma. Murdo Macaskill, Mlinzi wa Hifadhi, Kisiwa cha Hallasay. Ndiye mimi. Nipo mjini wiki hii kwenye mkutano wa walinzi. Nipe hapahapa, uokoe stempu."

Hapo ndipo Rowena alipogeuka. Akaona sweta nzito ya buluu iliyofumwa kwa mkono, kiwiko kimetoboka, na uso ulioungua kwa upepo, macho yanacheka kabla ya mdomo.

"Hapana," akasema.

"Hapana nini, na jina ni langu?"

"Jina ni lako, barua bado ni ya ofisi. Iende kisiwani, ujaze fomu iliyomo, uirudishe. Kisichokuwa na mhuri wa posta hakiingii kwenye kadi."

"Yaani isafiri maili mia sita, na mwenyewe nimesimama hapa?"

"Ndiyo utaratibu."

"Mpe mwenzio barua yake, mwanangu, tuondoke!" akapiga kelele bibi mmoja mwenye kikapu, na foleni nzima ikaangua kicheko. Rowena akawa mwekundu kuliko nywele zake. Lakini hakumpa. Alibandika stempu, akaisukuma bahasha kwa karani, akaitazama ikiingia gunia la kaskazini.

"Haya, Bibi Posta," akasema Murdo. "Barua nimenyimwa. Na chai je? Nayo inataka mhuri?"

Mimi ni Dilys. Nilikaa na Rowena meza kwa meza miaka kumi na mmoja, na hadithi hii naijua pande zote mbili kwa sababu kila mmoja alinisimulia upande wake, na kwa sababu nyingine nitakayoisema nikifika, Mungu anisaidie nifike.

Ofisi yetu ilikuwa vyumba vitatu juu ya duka la baiskeli. Kazi yetu ilikuwa moja: kujua kila hifadhi iliyoko duniani, na kila shirika linaloitunza. Kadi za kijani za hifadhi, kadi za manjano za mashirika, kabati hadi kabati. Jina, ukubwa, mwaka wa kuanzishwa, nani ana amri. Habari ya kusikia iliandikwa kwa penseli. Fomu ikifika na mhuri wake, ndipo wino. Kila baada ya miaka minne tulichapa kitabu kizima, na dunia nzima ikakifuata. Ukicheka, cheka. Sisi tulikuwa hatucheki.

Chai ile ilichukua saa tatu nzima. Jumanne wakatembea kando ya mto, ng'ombe wakiwatazama. Jumatano Rowena akachelewa kazini, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu nimjue.

"Shoga, una nini leo?" nikamuuliza. "Umevaa hereni."

"Hereni si kosa."

"Moja ya buluu, moja ya kijani?"

Akajishika masikio, akacheka mpaka akakaa chini. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, na huyu alikuwa anakohoa wazi.

Murdo aliporudi kisiwani, alianza kupiga simu kila Jumamosi saa tano asubuhi, kutoka kibanda cha simu kilichoko gatini. Rowena alikaa kwenye ngazi za nyumba yake, simu mapajani, sketi imefunika magoti.

"Bibi Posta wangu, umelala vizuri?"

"Nimelala. Upepo huo nausikia mpaka huku. Umevaa kofia?"

"Imechukuliwa na shakwe, ndege mwizi wa pwani."

"Muongo wewe!"

"Njoo umuulize mwenyewe."

Njoo. Neno hilo ndilo lililowauma. Karibu miaka miwili, Murdo alishuka Cambridge mara nne, siku mbili njiani, ananuka kondoo na chumvi. Rowena hakupanda hata mara moja. Kulikuwa na kitabu cha kumaliza. Kulikuwa na barua kutoka Bolivia. Kulikuwa na hifadhi mbili zenye jina moja na hajui ipi ni ipi. Ukweli ni kwamba aliogopa. Alikulia mjini, na ile dunia yote aliyoipanga kwenye droo hakuwahi kuikanyaga, akahofia ataonekana mjinga mbele ya mtu anayempenda.

Jumamosi moja ya Februari, Murdo akachoka.

"Unazijua hifadhi zote za dunia, Rowena. Umewahi kukanyaga hata moja?"

"Unanidharau?"

"Nakuuliza."

"Mimi nikiondoka hapa, nani atajua kisiwa chako kipo?"

"Mimi najua kipo! Nakilalia! Ninachokitaka ni mke, sitaki kadi!"

Ulimi hauna mfupa. Rowena alisimama kwenye ngazi zile, akasema neno alilolijutia kabla halijafika mwisho. "Basi usinipigie tena. Wala usiniandikie nyumbani. Kama kisiwa chako kina la kusema, kina fomu yake!"

Akakata simu.

Jumatatu alikuja na macho yamevimba. Wakati wa chakula akatoka, akarudi na viatu virefu vya mpira, vya kijani, lebo ya duka bado inaning'inia. Akaviweka chini ya meza yake.

"Vya nini hivyo?"

"Vya kisiwani. Akiniandikia hata neno moja, Dilys, neno moja tu, napanda treni siku hiyohiyo."

"Si umwandikie wewe?"

"Nimemtukana mimi. Nikimwandikia mimi, atajibu kwa huruma. Nataka anitake mwenyewe."

Kiburi hicho. Ningekuwa na akili ningempakia treni kwa mikono yangu.

Mwezi uleule mkuu wetu, Bwana Haslam, alitubadilisha meza. Rowena akapewa mashirika, kadi za manjano. Mimi nikapewa hifadhi, kadi za kijani. Fomu zikaanza kurudi kwa mamia. Fomu yetu ilikuwa karatasi moja. Mbele, visanduku kumi na tatu vya takwimu. Nyuma, kisanduku cha kumi na nne peke yake, "Maelezo mengine", na watu walikijaza malalamiko ya paa linalovuja na serikali isiyojibu barua. Rowena alikuwa akivisoma vyote, kimoja kimoja, kama barua za ndugu. Mimi niliona ni kupoteza muda. Nilisoma mbele, nikagonga mhuri wa "imepokelewa", nikatia droo ingoje kitabu kijacho.

Siku moja ya Aprili akaja mezani kwangu, anajifanya anatafuta gundi.

"Hallasay wamerudisha fomu?"

"Wamerudisha jana. Wale wanyama wa baharini, sili, wameongezeka."

Akashika ukingo wa meza. "Na maelezo mengine?"

Fomu ilikuwa droo ya tatu, hatua mbili kutoka nilipokaa. Nilikuwa nahesabu hekta za Kanada na sikutaka kupoteza hesabu.

"Hamna," nikasema.

Sikugeuza karatasi. Nimesema sasa. Mkono huu haukugeuza karatasi, na mdomo huu ukasema hamna.

"Haya," akasema Rowena. Akachukua gundi, akaenda zake.

Miaka mitatu. Hakuolewa, hakuchumbiwa. Alifanya kazi kama mtu anayekimbizwa. Viatu vilikaa chini ya meza, vikashika vumbi, na mfagiaji akajifunza kufagia kuvizunguka. Mara moja nilimwambia avitupe. Akavisogeza ndani zaidi.

Msimu wa kuchapa kitabu kipya ulipofika, nikatoa droo zote nipige taipu. Hallasay ilikuwa siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, jua limeingia dirishani. Nilinakili mbele. Nilipoiweka pembeni karatasi ikapinduka yenyewe, na nyuma nikaona mwandiko umejaa kisanduku kizima mpaka pembeni.

"Rowena. Ulisema kisiwa kina fomu yake, na najua huamini kisichopita posta, basi hii imepita. Nilikosea kusema vile. Kuna mtu anaweza kushika zamu yangu kuanzia Septemba. Nitashuka Cambridge, nitafanya kazi yoyote, hata ya duka la baiskeli hapo chini. Nataka nikuoe. Ukikubali nitumie kadi moja ya kijani, tupu, nitaelewa. Isipofika kabla ya majira ya baridi, nitaelewa pia, wala sitakusumbua tena. Fomu zote unazisoma wewe, kwa hiyo najua utaiona. Murdo."

Niliinuka nayo. Niliiweka ile karatasi mbele ya Rowena. Akaisoma. Akaisoma tena. Akageuza mbele, akaangalia mhuri wangu na tarehe yake.

"Uliniambia hamna."

"Sikugeuza, Rowena. Sikugeuza."

Hakunipiga, hakupiga kelele. Afadhali angenipiga. Alilia kwa sauti ya chini, kichwa juu ya karatasi, na mimi nikasimama pale na mikono yangu isiyo na kazi. Kisha akajifuta uso kwa skafu ileile ya njano, akavuta simu katikati ya meza.

"Leta kiti," akaniambia. "Kaa hapa usikie. Hili na wewe ni lako."

Akapiga namba mpya ya nyumba ya mlinzi iliyokuwa kwenye kadi, akashika mkono wa simu katikati yetu. Ikaita mara sita.

"Hallasay," sauti ikasema. Upepo nyuma yake, uleule.

"Murdo. Ni Rowena."

Akajibu taratibu: "Bibi Posta."

"Nimeisoma fomu yako."

"Ipi?"

"Ya miaka mitatu iliyopita. Nimeisoma leo. Ilikaa droo, Murdo, hakuna aliyeigeuza. Walinibadilisha meza."

"Leo?" akasema. "Leo, Rowena? Kiangazi kizima nilishuka gatini kila boti ya posta. Mzee wa boti akawa ananiona kwa mbali anatikisa kichwa kabla hajafunga kamba."

"Jibu lilikuwa ndiyo." Akaangalia chini ya meza. "Lilikuwa ndiyo kabla hujaandika. Viatu nilishanunua."

Halafu, nyuma ya upepo, mtoto mchanga akalia, na sauti ya mwanamke ikambembeleza.

"Nimeoa," akasema Murdo. "Mwaka juzi, Oktoba. Mwalimu wa shule ya hapa. Ni mtu mwema, Rowena. Tuna binti."

Rowena akafumba macho. Nilimshika mkono, akaniachia nishike.

"Anaitwa nani?"

"Effie."

"Jina zuri. Mvalishe kofia." Akavuta fomu tupu. "Nina fomu yako mpya hapa, ya kusahihisha takwimu za zamani kabla hatujachapa. Ungeipata kwa boti wiki ijayo. Nikuulize sasa?"

"Niulize."

Akachomoa penseli nywelini, akaitazama, akaiweka chini. Akachukua kalamu ya wino.

"Ukubwa."

"Uleule. Hekta mia mbili na kumi."

"Sili."

"Mia nne na tatu."

"Idadi ya walinzi."

"Mmoja."

Akauliza vyote kumi na tatu, mwandiko umenyooka. Kisha akaigeuza karatasi, polepole, na kidole chake kikaganda juu ya kisanduku cheupe.

"Kumi na nne," akasema. "Maelezo mengine."

Upepo tu.

"Andika hamna," akasema Murdo.

"Nimeandika. Hamna."

"Si lazima ipite posta?"

"Hapana, Murdo. Safari hii neno lako linatosha."

Akaweka simu. Akapuliza wino ukauke, akaitia fomu kwenye faili. Viatu akavitoa chini ya meza, akafuta vumbi kwa kiganja, akavisimamisha karibu na mlango pamoja na vitu vya kugawa.

"Rowena," nikasema, "nisamehe."

Alikuwa ameshavuta fomu inayofuata. Aliangalia mbele, akageuza nyuma, akasoma yote ndipo akanijibu.

"Sijui, Dilys. Niulize kitabu kijacho."

Kitabu kijacho kilikuwa miaka minne mbele. Nilingoja, nikamuuliza, naye akaniambia yameisha.