Majigambo ya Mzee Owuor Ndani ya Riwaya

Siku ile tulikuwa watano uani kwangu, Kisegi: mimi Ouma, mdogo wangu Okoth ambaye ni mwandishi wa riwaya za upelelezi, dada yetu Akinyi, mumewe Otieno, na babake Otieno, Mzee Owuor. Sasa nina miaka thelathini na minne. Laiti siku ile isingalikucha!

Wazazi wetu walifariki nikiwa darasa la sita. Niliacha shule, nikaenda kuchimba dhahabu Macalder, kwenye shimo la Mzee Owuor. Akinyi alipoolewa na Otieno, ng'ombe wa mahari niliwauza wote ili Okoth asome. Akasoma... akawa mwandishi. Riwaya zake mbili zilisomwa hadi Homa Bay mjini. Nilijivuna jamani!

Kumbe nilikuwa nalea nini?

Nilikuwa na siri. Mwenzangu Odongo alifukiwa shimoni, watu wakaambiwa ni ajali. Lakini nilimsikia Mzee Owuor akimwamuru aibomoe nguzo ya mwamba iliyoshikilia paa, eti ina dhahabu. Nilinyamaza, nikiilinda ndoa ya Akinyi. Okoth peke yake ndiye niliyemweleza. Akaapa kwa kaburi la mama kwamba hatasema.

Riwaya ya tatu ikatoka. Muuaji ni mwenye shimo! Majina aliyabadilisha yote, hata ya mito. Lakini pakruok ya Mzee Owuor, yale majigambo ambayo mtu hujisifu nayo kwenye ngoma za matanga, aliyaacha vilevile: "Fahali wa chini, nikikohoa mlima hushuka!"

Nani kule Nyatike, eneo la machimbo, asiyejua ni ya nani? Mwalimu mmoja aliyasoma kwa sauti sokoni Macalder. Mjane wa Odongo akapiga ukemi.

Ndipo Mzee Owuor akaja kwangu kumrudisha Akinyi. Otieno alibeba sanduku la Akinyi. Watoto wao hawakuwaleta.

Okoth alijaribu kucheka. "Mzee, ile ni hadithi tu!"

"Hadithi?" Mzee hakupandisha sauti. "Basi mimi niletee ng'ombe wa kweli, wale wa mahari, mwandishi. Mpaka wafike wote, huyu ni mke wa kwetu. Akifa, nitakuja kumchukua nimzike kwangu."

"Na watoto wangu, baba?" Akinyi aliuliza.

Otieno aliliweka sanduku mlangoni. Wakaondoka.

Kesho yake Okoth naye akarudi Nairobi. Ana riwaya nyingine ya kumaliza, alisema!

Tangu hapo Akinyi anakonda. Kila siku ya soko huja mtu kutoka kwa Mzee Owuor. Haketi, hanywi hata maji. Huuliza tu, "Shemeji ameamkaje?" Humtazama kwa muda mrefu... kisha huenda zake.

Wasomaji wenzangu, damu ya mtu ikimwagika mbele yenu, semeni mapema, tena mbele ya wakubwa wa sheria. Msimnong'oneze anayeishi kwa kusimulia, hata kama mmenyonya titi moja!

Nimerudisha fahali mmoja na mtamba mmoja. Waliobaki bado ni wengi. Na leo asubuhi Akinyi ameshindwa kuinuka kitandani.