Nakala Iliyoachwa Wazi

Hebu niambie, umewahi kupewa kitu cha mtu ukitunze, ukakiweka mahali ukajisemea, "Hapa nani atakiona?" Mbeyu alijisemea hivyo hivyo. Laiti angalijua.

Mbeyu alikuwa na miaka kumi na mitatu, akikaa Mikindani na mama yake. Kila alfajiri alijaza mitungi miwili ya maji, akafagia uwanja, akanywa chai kwa mahamri mawili, la tatu akalifunga kwenye karatasi. Hilo lilikuwa la Valarie, rafiki yake wa dawati moja. Valarie na mama yake walihamia kutoka bara, mama akapata kazi kwenye kiwanda cha nguo huko Changamwe.

Masomo yakiisha, Mbeyu aliingia chumba cha kompyuta. Mwalimu Justus alikuwa ametengeneza tovuti ya shule, na nyuma ya tovuti hiyo, ndani ya seva, ile kompyuta inayoitunza, kulikuwa na hifadhidata, yaani daftari kubwa la kompyuta. Lilikuwa na jina la kila mwanafunzi, simu ya mzazi, na ugonjwa alio nao, ili mtoto akizidiwa shuleni walimu wajue la kufanya. Lilifungwa kwa nywila, neno la siri la kulifungulia. Mbeyu, kwa kuwa alikuwa na mkono mwepesi na jicho kali, alipewa kazi ya kusahihisha majina.

"Nywila hii isitoke nje ya chumba hiki," Mwalimu Justus alimwambia. "Na usisome yasiyokuhusu. Wewe ni majina tu."

"Sawa, mwalimu."

Na kweli hakusoma. Lakini wiki ile stima ilipotea mara tatu, majina mia mbili yakabaki, na mwalimu aliyataka Jumatatu. Ijumaa, stima iliporudi kidogo, Mbeyu akapata wazo. Nywila hakuitoa. Alichukua nakala ya daftari lote akaiweka kwenye folda ya wazi ya tovuti, pale penye picha za michezo, apate kuifungua bila nywila kwenye saiba ya mjomba wake Tinga, duka la kompyuta lenye jenereta. Nani angejua iko pale? Kwao mlango ulishinda na pazia tu mchana kutwa, na hata jirani mwenye haraka husimama nje akapiga hodi. Kazi akaimaliza, Jumatatu akayaingiza majina yaliyosahihishwa kwenye daftari lenyewe, akasifiwa. Nakala akaisahau palepale.

Mtandaoni hakuna hodi. Wiki mbili baadaye Rama, wa darasa lao, alichukua simu ya mamake akaandika jina lake mwenyewe, aone kama limetajwa kwenye habari za kandanda. Likaja daftari zima.

Asubuhi yake, penye bomba la maji, alipaza sauti. "Sogeeni, sogeeni! Valarie asije akatuangukia!"

"Kwani ana nini?"

"Ana kifafa, wallahi! Nimesoma kwa macho yangu. Na kikombe chake msikinywee, kinaambukiza hicho."

Watoto wakacheka. Mmoja akajitupa chini akatupa miguu huku na huku. Valarie akaweka kikombe chake juu ya ukuta polepole, akachukua begi, akatoka langoni bila kuomba ruhusa. Kesho yake hakuja. Kesho kutwa hakuja.

Mwalimu mkuu alimwita Mwalimu Justus ofisini, na sauti ikasikika hadi uwanjani. "Siri za watoto wa watu, Justus! Wazazi nitawaambia nini?" Rama, kwa woga, alikataa kusema alisoma wapi. Mwalimu Justus akawauliza wanafunzi wa kompyuta kama kuna aliyegusa daftari. Mbeyu akatazama kucha zake, akanyamaza.

Siku nne alikaa na nafasi tupu ubavuni. Lile hamri alilirudisha nyumbani limekauka, na mama akiuliza, alisema hana njaa. Siku ya tano, mvua ikinyesha, alimkuta mwalimu peke yake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona umelowa hivyo?"

"Mwalimu, ni mimi." Akamweleza yote.

Mwalimu Justus hakumkemea. Afadhali angemkemea. Alivuta kiti cha pili, wakaifuta ile nakala pamoja, wakabadilisha nywila. Akawaandikia wenye mtambo wa kutafutia habari mtandaoni waondoe kilichobaki kwao. Kisha akafungua kumbukumbu za seva, zinazoonyesha kila mara faili ilipofunguliwa.

"Hesabu."

Mbeyu akahesabu kwa kidole. "Mara arobaini na moja."

"Sasa tazama tarehe. Ishirini na sita ni za siku hizi ulizonyamaza."

Mbeyu alilia. Mwalimu akamwacha alie, kisha akachukua mwavuli wake, wakaenda nyumbani kwa kina Valarie.

Mama Valarie aliwafungulia mlango, bado yuko na sare ya kiwanda. Aliwasikiliza wote wawili bila kukaa.

"Kule kwetu tulitoka kwa sababu ya maneno haya haya," alisema. "Nikasema, angalau huku hakuna anayejua. Dawa anameza, miezi minane hajaanguka. Nilimwandikisha ili asaidiwe, mwalimu, si ili achekwe."

"Ni haki yako kukasirika, Mama Valarie," alijibu Mwalimu Justus. "Jumatatu muuguzi wa zahanati atakuja kufundisha shule nzima. Kifafa hakiambukizi. Aliyeanguka hulazwa ubavu, wala hatiwi kitu mdomoni. Na Rama ataomba radhi mbele ya darasa."

Akamgeukia Mbeyu. "Na wewe shika hili maishani. Ukipewa habari za watu uzitunze, umepewa watu wenyewe. Usizitoe penye kufuli kwa sababu ya wepesi wa kazi. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, maana kosa lililofichwa halilali, linaendelea kufanya kazi yake."

Valarie alitokea chumba cha ndani. Alikuwa amesikia kila neno. Alikuwa amekonda.

"Nisamehe," alisema Mbeyu. "Sikusoma, lakini niliacha wazi. Nitukane ukitaka."

Valarie alitikisa kichwa. "Jumatatu nitakuja," alimwambia mama yake. Kisha akamgeukia Mbeyu.

"Nilitaka nikwambie mimi," alisema. "Siku ya kufunga shule. Nilikuwa nimeshapanga maneno. Nilitaka uwe wa kwanza kujua, na uyasikie kutoka kwangu."