Laptop ya Isoa Ilijiunga Yenyewe

"Wifi, haraka! Neno la siri la mtandao wako ni lipi? Hawa watu wananipigia sasa hivi!"

Akanisi alishakaa kwenye meza ya kulia, laptop wazi mbele yake. Juu alivaa blauzi ya kanisani, chini sulu, shuka ya kujifunga kiunoni, iliyopauka ya kufulia, maana kwenye kamera miguu haionekani.

"Usiandike kitu!" Losalini alipaza sauti kutoka jikoni, alikokuwa akimenya muhogo. "Nakuja kuandika mwenyewe!"

"Nitajie tu. Mimi ni mwalimu, herufi nazijua."

"Neno lenyewe gumu, lina herufi kubwa na ndogo zimechanganyika. Subiri, nanawa mikono!"

Akanisi hakuwa na muda wa kusubiri. Umeme wa shuleni ulikatika asubuhi, na usaili wa nafasi ya mwalimu mkuu msaidizi ulikuwa mchana huo huo kwa njia ya video. Alipanda kilima cha mji wao wa Savusavu mbio mpaka kwa Losalini, mke wa kaka yake Peni, kwa sababu nyumba ile ilikuwa na intaneti nzuri. Peni alikuwa Australia akichuma matufaha, na mkewe alizungumza naye kila siku.

Akabonyeza alama ya mtandao. Majina yakajipanga: la duka la chini, la misheni, na la tatu, PeniLosa. Kabla hajaligusa, kiduara kidogo kikazunguka, kikasimama. Pakaandikwa: Imeunganishwa.

Losalini akafika, mikono inachuruzika maji. Wote wawili wakatazama kioo.

"Imekubali yenyewe," Akanisi alisema.

"Ee, basi si vizuri! Mitandao ya siku hizi bwana." Losalini alicheka, lakini kicheko kilikatika njiani.

"Wifi, mtandao wenye neno la siri haujiungi wenyewe. Mara ya kwanza lazima uandike. Ukishaandika ndipo laptop inakumbuka. Ya shule iko hivyo hivyo."

"Basi ulishawahi kuja nayo hapa, umesahau."

"Hii siyo yangu. Yangu kioo kimekufa. Hii ni ya Isoa."

Losalini akajifuta mikono kwenye gauni.

Isoa alikuwa mchumba wa Akanisi, fundi wa mashine za boti pale bandarini. Harusi yao ilikuwa imekaribia, mikeka ilishaanza kusukwa. Na kila Akanisi alipomwambia wapande kumsalimia Losalini, Isoa aliishia getini. "Peni hayupo," angesema. "Nikionekana naingia kwa mke wa mtu, kesho sokoni watatuimba." Akanisi alimpenda zaidi kwa heshima hiyo.

Akachukua simu, akaandika:

"Mpenzi, hivi wewe ushawahi kuingia kwa Losa?"

Jibu likaja hapo hapo:

"Mimi? Kwa Losa nifuate nini? Sijawahi hata kukanyaga kibaraza. Kwani vipi? Usaili umeanza?"

Akanisi alilisoma, akalirudia. Laptop ikaanza kuita.

Nyuso tatu zikatokea kwenye kioo. Akanisi akatabasamu, akawasalimia "Bula vinaka" kwa sauti isiyokuwa yake. Walimuuliza hili na lile, akajibu huku jicho moja likimfuata Losalini, aliyekuwa anazunguka jikoni akishika kijiko, akikiweka, akikishika tena.

"Mwalimu Akanisi," aliuliza yule mama wa katikati, "ukigundua walimu wawili chini yako wanakuficha jambo, utafanya nini?"

"Nitamhoji kila mmoja peke yake," alijibu, "kabla hawajapata nafasi ya kupangana."

Yule mama alinyanyua nyusi. Jikoni kijiko kikaanguka.

Usaili ulipokwisha Akanisi alifunga laptop taratibu.

"Losa. Simu yako iko wapi?"

"Ya nini?"

"Ilete hapa mezani. Sitaki umpigie."

Losalini aliileta. Akakaa upande wa pili, kichwa chini.

"Unatembea na Isoa?"

"Akanisi! Unanitukana hivyo mimi, kwenye nyumba ya kaka yako?"

"Sikutukani, nakuuliza. Hujawahi kuwa na laptop. Na mimi yangu sijawahi kuja nayo. Hii imeshaingia humu, imekaa, imepewa neno la siri. Na mwenyewe ananiambia hajawahi kukanyaga kibaraza. Nieleze."

"Siyo hivyo unavyofikiri."

"Basi nifikirieje? Niambie tu, nitafikiri hivyo hivyo."

Losalini akaanza kulia. "Niliapishwa, wifi. Siwezi."

"Na nani?"

"Na Isoa. Na... na kaka yako."

Akanisi alisimama kwa nguvu mpaka kiti kikaanguka nyuma yake. "Peni anajua?"

"Muulize Isoa. Nakuomba, muulize mwenyewe. Lakini mimi na yeye hakuna kitu, naapa kwa jina la mama yangu."

Akanisi aliteremka kilima na sulu yake ile ile ya kufulia, laptop kwapani. Teksi mbili zilimpigia honi asizione. Kama siyo mapenzi ni nini? Na kama ni mapenzi, kaka yake anajuaje na anakaa kimya? Kila jibu alilolipata lilikuwa baya kuliko lile lililopita.

Isoa alikuwa ameinama juu ya mashine iliyofunguliwa, mikono myeusi kwa grisi.

"Mwalimu mkuu!" alichangamka. "Imekuwaje? Wamekupa?"

"Narudia swali langu. Ushawahi kuingia kwa Losa?"

"Si nimekujibu? Sijawahi."

Akafungua laptop juu ya pipa, mbele yake. "Umeme shuleni ulikatika. Usaili nimefanyia kule. Hii ilijiunga yenyewe kabla sijaandika herufi hata moja."

Isoa alitazama laptop kama mbwa wake mwenyewe aliyemng'ata. Tabasamu likamtoka usoni polepole.

"Sikujua kama inakumbuka," alisema.

"Hilo ndilo la kwanza kulisema?"

"Akanisi, tukae chini."

"Siketi. Sema nikiwa nimesimama."

"Sina mwanamke. Nina kazi." Akajifuta grisi mikononi. "Tasmania. Matufaha, sehemu moja na Peni. Yeye ndiye alinitafutia. Nilikuwa nakwenda pale kujaza maombi na kuongea na mwajiri kwa video. Kwetu intaneti hakuna, na ya shule ungejua."

"Unaondoka lini?"

"Wiki tatu baada ya harusi."

Mafundi waliokuwa kwenye boti ya jirani waliacha kugonga, wakajifanya wanatafuta spana.

Baba yake Akanisi alikwenda kuchuma matunda Australia binti akiwa darasa la nne. Alisema msimu mmoja. Sasa ana mke mwingine huko na watoto wawili, na kila Krismasi hutuma picha. Halafu akaondoka Peni. Siku ukoo wa Isoa ulipoleta tabua, lile jino la nyangumi la kumposa, mama yake Akanisi aliuliza swali moja tu mbele ya watu wote: kijana wenu naye ataondoka? Isoa akajibu mwenyewe, bila kusubiri mjomba wake: "Mama, mimi siyo wa kuondoka."

"Ungeniambia lini?" Akanisi aliuliza.

"Nilikuwa natafuta siku nzuri."

"Siku nzuri ya kuniacha?"

"Nisikilize! Kimbunga kilichukua paa la mama yako, kikachukua boti yangu. Nakarabati mashine za watu, mimi mwenyewe sina. Nikuoe nikuweke wapi? Chini ya turubai?"

"Ungenioa ukaniweka chini ya turubai, ningekuwa najua niko chini ya turubai!" Sauti ilimpasuka. "Leo mchana nimekuuliza kitu chepesi. Umenijibu hapo hapo, na 'usaili umeanza?' juu yake. Hukusita hata kidogo. Tasmania hainitishi, Isoa. Hiyo ndiyo inanitisha."

"Niliogopa utakataa."

"Ningekataa, ndiyo! Halafu ungenibembeleza, ningelia, tungegombana, tungepatana. Watu wanaooana si ndivyo wanavyofanya? Wewe umegombana na mimi peke yako, ukashinda peke yako."

"Akanisi, tafadhali..."

"Mwambie mjomba wako aje achukue tabua lake."

Akamwachia laptop juu ya pipa, akaondoka.

Siku zilizofuata hakutulia popote. Alianza kusahihisha madaftari akayaacha, akachemsha majani ya magimbi kwa tui mpaka yakaungua, akafagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Ujumbe ulikuwa unaingia:

"Nimekosa. Nipe nafasi ya kuongea."

"Nimepita shuleni, wameniambia uko darasani. Umeniona dirishani, najua."

"Nikiukataa mkataba utanisamehe?"

Huo wa mwisho ulimuudhi kuliko yote. Akajibu mara moja tu: "Usinibebeshe mimi uamuzi wako."

Peni naye alipiga.

"Dada, kosa ni langu. Nilimwambia anyamaze mpaka mfunge ndoa."

"Ili iweje?"

"Ili usiweze kukimbia."

"Kaka, mimi nimekimbia wapi katika maisha yangu? Wanaokimbia familia hii si nyinyi?"

Peni akakata simu.

Jibu la usaili likaja: nafasi amepewa mwingine. Losalini alikuja na muhogo wa kuchemsha, akakaa kizingitini bila kukaribishwa.

"Nilipaswa kukuambia," alisema.

"Ulipaswa."

"Nilikuonea huruma nikakuumiza."

Akanisi akavuta bakuli, akachukua kipande. Walikula pamoja, na hiyo ikawa imetosha kwa siku ile.

Jumapili baada ya ibada, Isoa alikuja na mjomba wake. Hawakuja kuchukua tabua. Mjomba alibeba mzizi mzima wa yaqona, ule wa kinywaji cha kimila, kama wanavyobeba watu waliokuja kuomba radhi. Mama Makereta, mama yake Akanisi, aliwakaribisha chini ya turubai lake la bluu. Isoa aliketi mwisho wa mkeka, kichwa ameinamisha.

Mjomba alianza maneno ya kimila, mama akamkatiza kwa upole.

"Samahani, mkwe. Nataka nimsikie kijana."

Isoa alinyanyua uso. "Mama, nilikuambia mimi siyo wa kuondoka. Nilisema vile kwa sababu ndivyo ulivyotaka kusikia. Halafu nikaomba kazi kwa siri, nikamwapisha mkweo anisaidie kukudanganya. Mkataba sijaukataa. Bado nataka kwenda. Ningesema sitaki, ningekuwa naongeza uongo mwingine."

Mjomba alikohoa kwa mshtuko. Hayo hayakuwa maneno waliyopanga njiani.

Mama Makereta alimsogelea Isoa kwenye mkeka.

"Mume wangu aliniaga vizuri sana," alisema. "Alilia, nikalia. Kila neno lilikuwa tamu. Wewe unaongea vibaya, lakini leo nimekuelewa." Akaupokea mzizi, akauweka pembeni yake. "Mimi nimekusamehe. Huyu hapa sijui. Muulize."

Akanisi alikuwa amesimama kwenye nguzo, mikono kifuani.

"Nenda," alisema.

"Unanisamehe?"

"Nimesema nenda, sijasema zaidi ya hapo. Harusi haipo kabla ya safari. Sitaki kuwa mke wa kusubiri kama mama. Kachume matufaha yako. Ukirudi, uje uniulize kama bado nakutaka. Nami nitakujibu ukweli."

"Na ukisema hapana?"

"Utakuwa umesikia hapana."

Isoa akaitikia kwa kichwa, machozi yanashuka mpaka kidevuni, naye hakuyafuta.

Akaondoka. Msimu ulikuwa mrefu. Alipiga simu, alisema alivyoumwa mgongo, alivyogombana na Peni juu ya kupika, alivyolewa siku moja na kulala kwenye kochi la mtu asiyemjua. Mambo ambayo angeweza kabisa kuyaficha. Akanisi alimkaripia, akacheka, mara nyingine akakataa kupokea kwa siku nzima. Hakumwahidi kitu.

Siku ya ndege yake Akanisi hakwenda kumpokea. Alikwenda shule kama kawaida, akaandika hesabu ubaoni, akazikosea, akafuta. Wanafunzi wakaanza kunong'ona na kutazama nje.

Isoa alikuwa amesimama uwanjani na begi, amekonda, jua la ugenini limemchoma pua. Akanisi akatoka mpaka kwenye ngazi, chaki bado mkononi.

"Nimerudi," Isoa alisema.

"Nakuona."

"Uliniambia nikirudi nikuulize."

"Kabla hujauliza. Kuna jambo lolote hujaniambia?"

Isoa alisita.

"Lipo," alisema. Akafungua zipu ya begi, akatoa bahasha. "Wamenipa mkataba wa msimu wa pili. Sijausaini. Sijamwambia Peni, sijamwambia mama, sijamwambia mtu. Nilitaka tuusome wote wawili. Ukisema tuuchane, nitabisha kidogo, halafu tutaona."

"Utabisha?"

"Nitabisha."

Akanisi aliipokea bahasha. Hakuifungua. Aliikunja, akaitia mfukoni mwa gauni, na midomo ikaanza kumcheza, akaibana isicheke.

"Sasa uliza."

"Bado unanitaka, Akanisi?"

"Nina darasa mpaka kengele ya mwisho," alijibu. "Kaa hapo kwenye ngazi. Nikitoka nikakukuta, Jumamosi tunamwita mchungaji."

Akaingia ndani. Darasa zima lilipiga kelele, akawanyamazisha, akaanza hesabu upya, safari hii bila kukosea.

Isoa akakaa. Mvua ilipoanza kunyesha, alisukuma begi chini ya paa ili lisilowe, kisha yeye mwenyewe akarudi pale pale kwenye ngazi.